Mama Zamu, Aliyekabidhi Ukumbi Asibaki na Ufunguo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza marehemu,

Familia imempa shemeji wa marehemu, huyu anayewasomea sasa, kazi ya kuandika maisha ya marehemu na kuyasoma hapa, kwa sababu mbili tu. Ana sauti inayosikika bila kipaza, na mke wake, ambaye ni mdogo wa marehemu, amesema mtu mwingine yeyote angelia kabla ya kufika katikati. Shemeji ameishi kwa kununua na kuuza milango, mbao na mabati ya majengo makuukuu. Hajazoea kusifia kitu asichokiuza. Mtamvumilia.

Alikutana na marehemu kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Machi 2004, mbele ya ukumbi wa zamani wa manispaa, ule wa kwenye kona ya mtaa wa mafundi cherehani. Ukumbi ulikuwa umefungwa miaka kumi. Manispaa ilitangaza zabuni ya kuuza milango, madirisha na mbao za sakafu, na shemeji alishinda. Alifika na lori, mafundi wawili, nyundo na mitaimbo. Akakuta mlango mkubwa uko wazi, vumbi linatoka kama moshi wa tanuri, na ndani watu wanafagia. Kwenye ngazi alikaa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Karibu, kaka. Fagio zimeisha, lakini koleo lipo."

"Sikuja kufagia, mama. Nimekuja kuchukua milango yangu."

"Yako?"

"Nimeilipia. Risiti hii hapa."

Risiti hakuitazama. "Sawa, ni yako. Na choo nacho umekinunua?"

"Choo cha nini?"

"Kimeziba. Nauliza tu. Kila anayekuja hapa anataka milango, sijaona anayetaka choo."

Mafundi wa shemeji wakacheka, tena bila kujificha. Shemeji akaanza kuhofia. Katika biashara yake yote hakuwahi kuona mtu anakubali haraka hivyo kwamba mali si yake, isipokuwa mtu huyo ana kitu kingine cha kuuza.

"Mama, hawa mafundi wanataka ujira wao leo."

"Najua. Keti basi, wapumzike. Ukiing'oa leo na hili wingu lilivyo, mvua itaingia ndani, na sakafu yako itavimba. Utakuja kuchukua mbao zilizopinda."

"Nitaanza na sakafu."

"Na hao waliosimama juu yake?"

Shemeji akachungulia. Kulikuwa na mafundi cherehani, mwalimu mstaafu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara na wanawake kadhaa. Walikuwa wameacha kufagia na wanamtazama, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kupisha.

"Sikiliza, kaka," mwanamke akasema. "Mimi nimefanya kazi manispaa zaidi ya miaka ishirini. Mabanda ya machinjio ya zamani yanapigwa mnada mwezi huu. Mbao za pale ni ngumu, msumari unapinda. Tangazo limebandikwa kwenye ubao ulio nyuma ya dirisha la keshia. Si siri, ni la wazi, ila nani anapita kule? Nenda kalisome. Na hii milango uiache mpaka manispaa ijibu ombi la hawa watu. Ombi likikubaliwa, tutaandika kwamba sisi ndio tuliokuzuia, wewe huna kosa, wakurudishie chako."

"Na likikataliwa?"

"Utakuja kung'oa. Mimi mwenyewe nitakushikia ngazi."

Shemeji alikwenda manispaa akalikuta tangazo limepauka nusu, na kwa jinsi lilivyofunikwa na vumbi, yeye alikuwa msomaji wake wa kwanza. Akarudi, akatoa mkono. Wakashikana.

"Vizuri," mwanamke akasema. "Na hilo lori linarudi tupu?"

"Linarudi tupu."

"Na takataka zote hizi?"

Kufikia adhuhuri mafundi wake walikuwa wamepakia kinyesi cha popo cha miaka kumi, viti vilivyovunjika na godoro ambalo hakuna aliyetaka kuuliza lilifikaje. Dada mmoja aliyekuwa ameegemea fagio lake alimtazama shemeji anavyofuta jasho, akamwuliza, "Kaka, leo umefanya biashara au umefanyiwa?" Dada huyo ndiye ambaye shemeji alimwoa mwaka 2006. Mwenye kikombe cha bati alikuwa dada yake mkubwa, na ndiye tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili nyuma ya karakana. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Choo kilikuwa kimoja kwa safu nzima, na ugomvi wake ulisikika mpaka karakana. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, alichukua kipande cha mkaa akachora zamu za kukisafisha ukutani, nyumba kwa nyumba, na ya kwanza akaiweka nyumba ya mnyapara. Mke wa mnyapara akaja juu.

"Mtoto gani huyu wa kunipangia kazi mimi?"

"Basi panga wewe," mama wa marehemu akamjibu, akaendelea kufua.

Mke wa mnyapara hakupanga. Zamu ya mkaa ikabaki, na ilipofutika iliandikwa upya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa njia ya reli kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya kutwa ya wasichana, 1973 hadi 1976. Wadogo zake wanakumbuka kwamba hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Aliandika vizuri na alijua kusubiri. Mwaka 1977 alisomea uchapaji na ukarani, na tarehe 9 Januari 1978 akaajiriwa na manispaa, idara ya majengo.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukutani mwake palitundikwa funguo za kila jengo la umma lililokuwa limefungwa. Alipoanza, zilitosha kwenye ubao mmoja. Baadaye ubao wa pili ukapigiliwa, na baada ya hapo funguo zikaanza kuning'inia kwenye kitasa cha kabati. Ukumbi wetu ulifungwa mwaka 1994 kusubiri ukarabati, na yeye ndiye aliyetumwa kubandika tangazo la UMEFUNGWA KWA MUDA. Herufi zikapauka, akatumwa kubandika jingine. Nalo likapauka. Alipotumwa mara ya tatu alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi nalo mkononi na kuliweka juu ya meza ya ofisa majengo.

"Gundi imeisha?" ofisa akauliza.

"Gundi ipo, bosi. Mimi ndiye niliyeisha."

Aliacha kazi Ijumaa, tarehe 29 Juni 2001.

Tukirudi nyuma kidogo: tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi mizani aliyekuwa akikagua mizani za masokoni, mtu mpole ambaye hadi leo hasemi neno mpaka alipime. Walijaliwa binti na mwana. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha wageni na wageni wa vyumba vitatu, maana vikundi vilimfuata mpaka mezani. Mara nyingi chakula kilipoa huku mtu anaeleza habari ya paa. Mumewe hakuwahi kugomba. Alichofanya ni kununua sahani zenye mifuniko. Watu walipomwuliza anavyoweza, alijibu kwamba yeye alioa mke mmoja, manispaa nzima ikaja kama shemeji.

Alipoacha ajira aliweka meza ndogo ndani ya karakana ya mumewe, kati ya mizani zilizofunguliwa, na kazi yake ikawa hiyo mnayoijua: kusaidia vikundi vya watu wa mitaani kukabidhiwa majengo ya umma yaliyofungwa. Vikundi vilikuja vimejaa maneno mazuri, umoja, maendeleo, vijana wetu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Zamu ya choo ni ya nani?" Wengi walidhani anatania. Waliobaki kucheka bila kujibu aliwaambia warudi wakishajua. Hapo ndipo jina la Mama Zamu lilipotoka, na wengi wenu hamjui kama alikuwa na jingine.

Jambo la pili lilikuwa mvua. Hakukubali kuandika ombi lolote kabla kikundi hakijafanya kikao ndani ya jengo wanalolitaka, mvua ikinyesha. Walimu wastaafu waliotaka maktaba ndogo walisubiri wingu karibu mwezi mzima, na lilipofika wakakaa ndani wamefungua miamvuli. Wawili walijitoa siku ile ile. Mmoja alisema, "Tulidhani tunapewa maktaba, kumbe tunapewa bwawa." Waliobaki ndio wanaoiendesha hadi leo.

Jambo la tatu, alikataa kuwemo kwenye kamati ya kikundi chochote. Alisema yeye ni wa kuwabeba watu hadi mlangoni, kuingia ni kwao wenyewe.

Msidhani yote yalifanikiwa. Kituo cha zamani cha zimamoto alikihangaikia miaka minne, na mwezi wa pili baada ya kukabidhiwa, kikundi kikagawanyika kwa sababu ya cheo cha mwenyekiti. Jengo likarudi manispaa, likafungwa tena. Marehemu hakutoka nyumbani siku mbili, ya tatu akaenda kwenye kikao kingine. Manispaa nako maofisa walihamishwa kila baada ya muda, na kila mpya alianza sifuri: "Mama, hebu tukumbushe, hili ni jengo gani?" Alipigwa kalenda na watu ambao alikuwa amewafundisha kazi. Marehemu amefariki akiwa amechoka. Familia ilijadiliana kama jambo hilo lisemwe hapa, ikaonekana lisemwe, kwa sababu ni kweli na kwa sababu wengine wenu ndio mliomchosha.

Ukumbi ulikabidhiwa kwa kikundi Mei 2007, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Shemeji alirudishiwa chake na manispaa baada ya kuzungushwa vya kutosha. Kikundi, chini ya mwenyekiti wake ambaye ni yule kinyozi, kilizibua choo, kikaziba paa, kikasugua sakafu mpaka ikang'aa. Halafu wakafanya kosa ambalo shemeji, kwa majengo yote aliyoyabomoa, hakuwahi kuliona mahali pengine.

Siku moja mchana, mwaka 2009, Mama Zamu alipita pale akakuta mafundi cherehani wanashona nje barazani, vumbi la barabara linawapiga. Mlango umefungwa kwa kufuli. Juu yake pamebandikwa karatasi: HARUHUSIWI MTU KUINGIA NA VIATU. UFUNGUO UKO KWA MWENYEKITI. Akauliza wanafunzi wa masomo ya jioni, waliokuwa wakisomea humo ndani, sasa wanasomea wapi. Akaambiwa wanasomea kwenye duka la kinyozi, maana walikuwa wanaweka miguu ukutani na kuchafua rangi. Akavuka barabara. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Mwenyekiti, ukumbi umefungwa?"

"Umetunzwa, mama."

"Ndani yuko nani?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana msafi! Nenda uone sakafu ile, unajiona mpaka meno."

"Manispaa ilichukua miaka mingi kujifunza kulifunga jengo lile. Nyinyi mmechukua miwili."

Kinyozi akashusha mashine. Mteja aliyenyolewa upande mmoja akasema taratibu, "Mwenyekiti, mimi naomba kwanza unimalizie."

Alimalizwa. Kisha wakaenda pamoja, kufuli likafunguliwa. Ilikuwa imenyesha asubuhi. Mama Zamu aliingia na viatu vyake vyenye tope, akatembea kutoka mlangoni hadi jukwaani, akageuka, akarudi. Kinyozi alikuwa anatazama kila hatua kama anakanyagwa kifuani.

"Haya," akawaambia mafundi cherehani. "Umeshachafuka. Ingizeni mashine."

Tangu siku ile ukumbi haujafungwa mchana. Lakini mkataba ulibaki wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ulipokaribia kuisha, Mama Zamu alivaa viatu vya ofisini na kwenda kuuombea mwaka mwingine, na kila mwaka alirudi akiwa ameinama zaidi. Ofisa mmoja angeweza kuamka vibaya siku moja, na mafundi, wanafunzi na wengine wote wakawa nje. Majengo mengine alikuwa ameyamaliza, kwa heri au kwa shari. Hili moja lilikuwa limemkaa kooni. Alitaka lipate mkataba mrefu kabla hajazimika. Alilitumia neno hilo hilo, kuzimika.

Ugonjwa ulianza mwaka 2021. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, mito ya kulalia ikaongezeka. Daktari alimpima akamwambia, "Moyo wako umechoka, mama." Marehemu akamjibu, "Wewe umeuona leo, daktari. Mimi nakaa nao." Alikatazwa kupanda ngazi. Ofisi ya majengo iko ghorofa ya tatu, na lifti yake imeharibika tangu yeye ni karani. Aliendelea kupanda, akipumzika kila kituo, mpaka ofisa majengo wa sasa, kijana mwenye adabu, akazoea kushuka na kukutana naye kwenye ngazi, wakafanyia kazi za serikali hapo hapo huku watu wanawaruka.

Ofisa huyo ndiye aliyekuja nyumbani Oktoba 2023 na habari njema. Manispaa imekubali mkataba wa miaka thelathini. Sharti ni moja. Wanasheria wa manispaa hawakijui kikundi, wanamjua yeye. Mkataba uwe kwa jina lake kama mdhamini, na ataje mrithi kutoka katika familia yake.

Ofisa alipoondoka, shemeji hakuficha furaha yake.

"Shemeji, hii ni bei ya kutupa. Saini kesho. Mrithi mwandike binti yako nesi, ana kichwa kizuri. Kikundi kitaendelea na mambo yake, na jengo litakuwa salama ndani ya familia."

"Salama na nani?"

"Na watu. Wewe si umeona zimamoto?"

"Nimeona." Akavuta pumzi. "Kufuli nalo lilikuwa la usalama, shemeji. Na tangazo langu."

"Usichanganye mambo. Hapa hakuna unachouza. Unapewa."

"Napewa kitu cha wenzangu nikiwa nimelala kitandani. Nikipokea, wao wanabaki kuwa wageni wa binti yangu. Na binti yangu akichoka?"

"Atamwachia mwanawe."

"Sasa huo ni ukumbi au shamba la urithi?"

Mdogo wake, aliyekuwa anakunja nguo, akamwambia mumewe, "Wewe nyamaza, hapo huuzi mtu mlango." Shemeji akanyamaza, ila hakukubali.

Mama Zamu alimjibu ofisa kwamba mkataba uwe wa kikundi chenyewe kwa katiba yake, na watakaosaini wawe viongozi wowote watakaokuwa wamechaguliwa wakati huo. Ofisa akasema kwa njia hiyo hawezi kuahidi zaidi ya miaka kumi, tena itabidi watu waje wajadiliane na wanasheria. "Atakuja nani, mama?"

"Mwenyekiti."

"Yule kinyozi?"

"Yule kinyozi."

Kinyozi alikuja mbio siku hiyo hiyo. "Mama, utatuua. Mimi kazi yangu kunyoa. Pale nitanyolewa mimi!"

"Vizuri. Utajua wateja wako wanavyojisikia."

"Basi twende wote. Wewe ukae tu, usiseme kitu."

"Nikikaa mimi, nani atakutazama wewe?"

Alhamisi, tarehe 14 Desemba, kinyozi alikwenda na katibu wa kikundi, fundi cherehani. Mama Zamu alibaki kwenye kiti chake dirishani, simu mapajani, na shemeji akakaa naye kwa sababu mkewe alimwamuru. Hakuna kazi ngumu kama hiyo aliyowahi kupewa. Marehemu alikuwa pale kwa mwili tu. "Sasa wanapanda ngazi," alisema. Baadaye kidogo: "Sasa amewekwa kusubiri. Asikubali kukaa kile kiti cha nyuma." Na baadaye tena: "Anaongea sana, yule. Najua anaongea sana."

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya ofisa majengo.

Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Shemeji akanyoosha mkono. "Nipe nipokee mimi. Pengine wamekwama kwenye kitu kidogo tu, neno lako moja linakiondoa."

"Ndiyo sababu."

Akainua paja kwa shida, akaiweka simu chini yake, akaikalia. Ikaendelea kuita hapo chini, kiti kinatetemeka, naye ameshika mikono ya kiti kwa nguvu na kutazama nje. Ilipokoma, aliomba maji.

Kinyozi alirudi jua likiwa limegeuka, shati limemganda mgongoni. Hakuketi.

"Mama, tumepata miaka kumi. Kwa jina la kikundi. Na kumi mingine baada ya hapo, mradi ukumbi uwe wazi kwa kila mtu mchana."

"Na wao wamechukua nini?"

"Uwanja wa nyuma. Wanataka kuegesha magari yao."

Wote mnaujua uwanja ule. Watoto wa mafundi walichezea pale, na pale ndipo marehemu alipopigania kila mwaka kisiwekwe hata kibanda.

"Wote?"

"Wote, mama. Walikataa kusikia kitu kingine. Ofisa alikupigia mara mbili, hukupokea. Tukatazamana na katibu, nikasema basi, tuamue."

"Mimi nisingeutoa."

"Najua."

"Ningekaa pale ngazini mpaka wachoke wao."

"Najua, mama."

"Ila mimi ndiye niliyechoka." Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa nguo. "Mmesaini?"

"Tumesaini."

"Basi nenda kwenye ukumbi wako. Watu wa jioni wanakusubiri."

Alilala mchana ule mpaka giza likaingia, usingizi wa kukoroma, na mumewe alikaa kando ya kitanda akishangaa, maana hakuwahi kumwona amelala mchana kabla ya kuugua, na baada ya kuugua alilala jicho moja. Siku zilizofuata hakuna aliyepiga simu kuhusu ukumbi. Hilo lilimsumbua zaidi ya alivyokiri. Aliishika simu akauliza kama ina chaji. Akampa binti yake aijaribu. Simu ilikuwa nzima.

Januari hali yake ilibadilika, akalazwa katika wodi ambayo binti yake anafanya kazi. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, binti yake akiwa amemshika mkono na mumewe akiwa upande wa pili. Hakutoa maneno ya mwisho. Alikuwa ameshasema ya kutosha kwenye vikao.

Shemeji ameipima biashara ile mara nyingi tangu Desemba, kama alivyozoea kupima kila biashara. Manispaa imepata maegesho, na imepoteza mtu wa kumpigia simu kila inapokwama. Kikundi kimepoteza uwanja, na miaka kumi kamili ukilinganisha na ile waliyokuwa waandikiwe kwa jina la marehemu, hata kama ile mingine kumi itapatikana. Kimebaki na mkataba ambao leo, tunapozika, haujatikisika. Juzi bomba lilipasuka pale, ofisa akampigia kinyozi, na kinyozi hakumpigia mtu yeyote, alikwenda. Familia ingeweza kuwa na ukumbi, haina. Imepata wiki saba za kukaa na mama yao mchana, na mumewe anasema katika ndoa yao hakuwahi kupata wiki saba za namna hiyo zikifuatana. Shemeji bado anaona bei ilikuwa kubwa. Amejaribu kutafuta ni kitu gani kingine marehemu angekitoa ili apunguziwe, na hajakipata.

Marehemu ameacha mume, ambaye ni fundi mizani; binti, ambaye ni nesi, na mume wake; mwana, ambaye ni dereva wa malori, na mke wake; wajukuu watano; wadogo zake watatu pamoja na shemeji zake; na vikundi ambavyo vinajua vyenyewe kama bado vipo.

Alale sasa kwa utulivu, na asipatikane mtu wa kumwamsha kwa habari ya jengo.